Mji Mdogo wa Santa Barbara na Sheria Yake ya Kujenga

Katika miji yetu mtu akitaka kujenga nyumba ya matofali anaulizwa karatasi. Anaambiwa alete ramani ya nyumba, aonyeshe mipaka ya kiwanja chake, alipe feza, angoje muhuri. Wengi wananung'unika. Wanasema: «Kiwanja ni changu, feza ni zangu, matofali nimeyachoma mwenyewe. Wakubwa wa mji wanatafuta nini ndani ya nyumba yangu?» Ulizo hilo si la bure, wala si la Kongo peke yake. Limeulizwa katika miji mingi ya dunia, na miji mingi imelijibu baada ya kuzika watu.

Leo tunataka kusimulia habari za mji mmoja mdogo wa Marekani, katika jimbo la California, kando ya bahari ya Pasifiki. Jina lake ni Santa Barbara. Mji huu ulikuwa mmoja wa miji ya kwanza ya nchi ile kuandika katika sheria yake kwamba nyumba lazima iweze kuvumilia tetemeko la nchi. Tena habari zake zatuhusu sisi wa pande za Kivu na Tanganyika, kwa maana tunakaa juu ya udongo unaotikisika kama ule wao. Siku ya Dominika, 3 Februari 2008, nchi ilitetemeka kando ya ziwa Kivu. Katika Bukavu kuta zilipasuka na watu walikufa, na ng'ambo ya Ruzizi, katika Rwanda, waamini waliangukiwa na kanisa wakiwa katika ibada ya asubuhi. Kwa kipimo cha wataalamu tetemeko lile lilikuwa 5.9 tu. Yako makubwa kuliko hilo yasiyoua mtu hata mmoja. Tofauti mara nyingi si ya nchi inayotikisika. Ni ya ukuta.

Tuanze mbali kidogo. Askari wa Hispania walijenga boma mahali pale mwaka wa 1782. Siku ya 4 Desemba 1786, sikukuu ya Mtakatifu Barbara, yule ambaye wachimba madini wanamshika kuwa msimamizi wao, Padri Fermín Lasuén, Mfransisko, alifungua misioni yenye jina lake. Wenyeji wa nchi ile ni watu wa kabila la Chumash. Ndio waliofinyanga matofali, ndio waliobeba mawe na miti, na taabu yao haikuandikwa sana katika vitabu vya zamani. Makanisa ya kwanza yalijengwa kwa matofali mabichi, yaani udongo uliochanganywa na majani na kukaushwa juani, kama tunavyojua kufanya sisi wenyewe. Yalikuwa ya baridi wakati wa jua na ya joto wakati wa baridi. Lakini udongo mbichi hauna mshipa.

Mwezi wa Desemba 1812 ulikuwa mwezi wa msiba katika misioni za California. Siku ya tarehe 8, sikukuu ya Bikira Maria, waamini wa misioni ya San Juan Capistrano walikuwa katika Misa ndani ya kanisa kubwa la mawe lililomalizika mwaka wa 1806. Nchi ikatetemeka, dari ya mawe ikawaangukia, wakafa watu wapatao 40. Siku ya tarehe 21 likaja tetemeko lingine, upande wa Santa Barbara, likaharibu kanisa la matofali mabichi. Misioni ya jirani, La Purísima, ikabomoka kabisa.

Mapadri wa Santa Barbara walifanya nini? Walijenga tena, mara hii kwa mawe. Walianza mwaka wa 1815, na kanisa lilibarikiwa mwaka wa 1820. Kuta zake zina unene wa karibu mita mbili. Uso wa kanisa waliuchukua katika kitabu cha Vitruvius, fundi wa Roma aliyeishi mbele ya kuzaliwa kwake Kristu. Misioni ilikuwa na kitabu chake kilichotafsiriwa kwa Kihispania. Tuangalie jambo hili. Hapakuwa na sheria iliyowaamuru kujenga namna ile. Waliona nyumba imeanguka, wakazidisha unene wa ukuta. Sheria yao ilikuwa kumbukumbu ya macho yao. Na kumbukumbu ya macho ina kasoro moja: hufa pamoja na wenye macho.

Miaka zaidi ya mia ilipita. Hispania iliondoka, Mexiko ikaja ikaondoka, Marekani ikatawala. Reli ilifika, wakaja matajiri kupumzika kwa sababu ya hewa nzuri. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 1920 mji ulikuwa na watu 19,441. Walijenga hoteli, mabenki na maduka ya matofali ya kuchoma, orofa mbili, tatu, nne. Kwa macho yalikuwa majengo ya nguvu. Lakini matofali mengi yaliunganishwa kwa chokaa dhaifu, na boriti za sakafu na za paa ziliwekwa tu juu ya ukuta, bila kufungwa. Nani alikuwa angali anakumbuka mwaka wa 1812?

Hapa tusimame kidogo, tueleze. Nyumba yo yote inajengwa ili ibebe uzito unaoshuka: paa linashuka juu ya ukuta, ukuta unashuka juu ya msingi. Kwa kazi hiyo tofali ni zuri sana. Lakini tetemeko halisukumi kwa kushuka tu, linasukuma ubavuni, kulia na kushoto, kwenda na kurudi. Mzigo wa kuni uliofungwa kwa kamba waweza kuusukuma utakavyo, hautatawanyika. Kuni zilizopangwa bila kamba zinasimama vizuri mpaka mtoto azigonge kwa mguu. Nyumba ya matofali isiyokuwa na vyuma ni kuni zisizokuwa na kamba.

Siku ya Jumatatu, 29 Juni 1925, sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, asubuhi mapema, nchi ilitikisika. Barabara kuu ya maduka, State Street, iligeuka kuwa lundo la matofali. Katika hoteli ya Arlington kulikuwa na mnara, na ndani ya mnara, juu kabisa, waliweka tangi la maji, uzito mkubwa mno mahali pabaya kupita pote. Mnara ulianguka na kuua wageni wawili waliokuwa wamelala. Bwawa la Sheffield, lenye ukuta wa udongo, lilibomoka, na maji yakatelemka mjini. Minara ya kanisa la misioni ilivunjika, na kuta zake nene zikapasuka. Watu wapatao 13 walikufa katika mji mzima. Kama tetemeko lingekuja saa nne au saa tano baadaye, mchana wa kazi ambao barabara zimejaa, nani ajuaye hesabu ingekuwa gani? Lilikuja wakati maduka yangali yamefungwa.

Jambo moja liliokoa mji. Wafanyakazi wa gazi na wa umeme walikimbia mara moja kufunga mifereji na kukata nguvu. Hivyo moto haukuwaka. San Francisco, mwaka wa 1906, uliungua siku tatu baada ya tetemeko lake, na watu wapatao 3,000 wakapotea. Tena katika San Francisco wafanya biashara wengi walipenda kusema «moto wa 1906», hawakupenda kusema «tetemeko la 1906», kwa kuwa moto unaweza kuja katika mji wo wote, lakini mji unaotikisika nani atapeleka feza zake kule? Kwa maoni yetu neno hilo moja, moto badala ya tetemeko, lilichelewesha sheria miaka mingi. Ugonjwa usiotajwa jina lake hautafutiwi dawa.

Watu wa Santa Barbara hawakuweza kusema moto. Hakukuwa na moto. Mainjinia waliokuja kutazama waliona mambo wazi: nyumba za mbao zilizofungwa vizuri kwa msingi zilisimama, isipokuwa bomba zao za moshi, majengo ya betoni yenye vyuma, yaliyojengwa na mafundi waangalifu, yalisimama, majengo ya matofali na chokaa mbovu yalimwagika barabarani. Jengo moja laweza kuwa limesimama na la jirani limelala, juu ya udongo ule ule. Basi hapakuwa na njia ya kulaumu nchi peke yake.

Mbele ya siku ile sheria za kujenga za miji ya Marekani zilisema hasa juu ya moto, juu ya hewa na choo, juu ya uzito wa sakafu. Baraza la mji wa Santa Barbara likaongeza neno jipya: kwamba jengo lipimwe pia kwa nguvu inayosukuma ubavuni wakati wa tetemeko. Mji mwingine mdogo wa California, Palo Alto, ulifuata mwaka wa 1926. Tufahamu vizuri ukubwa wa tendo hilo. Serikali ya nchi haikuwaamuru. Jimbo la California halikuwaamuru. Ni baraza la mji mdogo, watu wachache wenye maduka na mashamba yao, waliojipa wenyewe mzigo wa kulipa zaidi kwa kila ukuta.

Kulikuwa na jambo la pili, na kusema kweli ndilo linalosifiwa zaidi hata leo. Kabla ya tetemeko kulikuwa na chama cha raia, pamoja nao Bibi Pearl Chase na Bwana Bernhard Hoffmann, waliotaka mji uwe na sura moja, ya Kihispania: kuta nyeupe, vigae vyekundu, baraza zenye matao. Walikuwa wakihubiri bila kusikilizwa sana. Maduka yalipoanguka, waliona nafasi. Katika wiki chache baraza la mji liliweka kamati ya kutazama ramani zote za majengo, si kwa nguvu tu bali kwa uzuri. Kamati ile haikudumu mwaka mzima. Wenye mali walichoka nayo, ikafutwa mwaka wa 1926; ilirudi mwaka wa 1947, na mwaka wa 1960 sehemu ya zamani ya mji ikapewa sheria yake ya pekee. Lakini katika miezi ile michache State Street ilikuwa imekwisha kupata sura mpya, na wageni wanakuja kuitazama mpaka leo.

Sisi hatulaumu uzuri. Mji mzuri unampa mtu furaha ya kukaa. Lakini tunaona neno la kufikiri: sheria ya uzuri inaonekana kwa kila mpita njia, na ukiivunja jirani atasema. Sheria ya nguvu imefichwa ndani ya ukuta. Vyuma vikikwisha kufunikwa kwa betoni, hakuna ajuaye kama vipo kumi au vitano, ila fundi na Mungu. Ndiyo maana sheria ya namna hii haina maana bila mkaguzi anayekuja kutazama mbele ya kufunika, na mji mdogo mara nyingi hauna feza ya kumlipa mkaguzi mwenye elimu.

Tena ni nani atakayeandika sheria yenyewe? Hili ni gumu kuliko watu wanavyodhani. Kuandika kitabu kinachosema unene wa ukuta, nguvu ya chuma, mchanganyiko wa betoni, upana wa ngazi, namna ya waya za umeme, kunahitaji mainjinia wengi na miaka mingi. Mji wa watu elfu ishirini hauna watu hao. Wasimamizi wa majengo wa miji ya Pasifiki waliona shida hii, wakaunda umoja wao mwaka wa 1922, na mwaka wa 1927 wakatoa kitabu kimoja kwa miji yote. Baraza la mji halikuhitaji tena kuandika kurasa mia, lilitosha kusema: «Kitabu hiki, chapa ya mwaka fulani, ni sheria yetu, isipokuwa mahali hapa na hapa tumebadili.»

Katika kitabu cha 1927 habari ya tetemeko iliwekwa mwishoni, katika nyongeza, na mji ulikuwa huru kuichukua au kuiacha. Nyongeza ile ilisema kwamba jengo livumilie msukumo wa ubavuni ulio sawa na asilimia 7.5 ya uzito wake likiwa juu ya udongo mgumu, na asilimia 10 juu ya udongo laini. Yaani nyumba yenye uzito wa tani 100 iweze kusukumwa ubavuni kwa nguvu ya tani 10 bila kuanguka. Miji mingi iliiacha nyongeza ile. Mji uliopenda kuvuta wajenzi haukutaka kuwa na nyumba za bei kuliko mji wa jirani.

Ndipo likaja tetemeko la Long Beach, kusini ya Los Angeles, Ijumaa jioni, 10 Machi 1933. Watu zaidi ya 100 walikufa. Lakini kilichowatetemesha wazazi wa California hakikuwa hesabu ile, kilikuwa shule. Shule nyingi za matofali zilibomoka kabisa, vyumba vikajaa matofali mahali pa kukaa watoto, na watoto walikuwa wamekwisha kurudi nyumbani saa chache tu kabla. Mara hii jimbo halikungoja miji. Siku ya 10 Aprili 1933, mwezi mmoja kamili baadaye, sheria iitwayo Field Act iliweka ujenzi wa shule za serikali chini ya ukaguzi wa jimbo. Mwezi wa Mei ikafuata Riley Act: kila mji na kila wilaya iwe na ofisi ya kutazama majengo, na majengo karibu yote mapya yavumilie msukumo wa asilimia 2 angalau. Asilimia 2 ni kidogo, pungufu kabisa ya ile nyongeza ya 1927. Lakini ya 1927 ilikuwa hiari, na hii ilikuwa lazima.

Mtu atauliza: basi, sheria ikikwisha kuandikwa, kwa nini ibadilishwe tena na tena? Kwa nini fundi asisome mara moja tu na kupumzika? Jibu twalipata katika lile kanisa la misioni. Baada ya tetemeko la 1925 lilitengenezwa, na kazi ikaisha mwaka wa 1927, kwa simenti na betoni, kwa ufundi uliosifiwa wakati ule. Lakini miaka ilipopita uso wa kanisa ulianza kupasuka wenyewe, bila tetemeko. Ufa juu ya ufa. Sababu ilikuwa ndani ya betoni: kokoto za namna fulani, zikikutana na simenti yenye chumvi-chumvi za namna fulani na unyevu, zinavimba polepole na kuipasua betoni kutoka ndani. Jambo hilo halikujulikana mwaka wa 1927. Injinia Thomas Stanton wa idara ya barabara za California alilieleza mwaka wa 1940. Basi minara na uso wa kanisa vikabomolewa, vikajengwa upya kuanzia mwaka wa 1950 hadi 1953. Mafundi wa 1927 hawakuvunja sheria yo yote. Sheria yao ndiyo haikujua. Tangu hapo vitabu vya kujenga vinasema juu ya kokoto na simenti maneno ambayo zamani hayakuwamo.

Tuje kwa kazi ya leo. Vyama vitatu vya wasimamizi wa majengo vya Marekani viliungana kuanzia mwaka wa 1994, na mwaka wa 2000 vikatoa kitabu kimoja cha nchi nzima, kinachotolewa upya kila miaka mitatu. California inakichukua, inakitengeneza kwa ajili ya jimbo, na kukitangaza. Baada ya siku 180 kinashika katika kila mji, mji upende usipende. Ndani ya siku hizo baraza la mji linaweza kufanya kazi yake. Msimamizi wa majengo anaandaa karatasi ya sheria. Inasomwa katika mkutano wa kwanza. Tangazo linatolewa, raia wanaalikwa kuja kusema. Inasomwa tena na kupigiwa kura katika mkutano mwingine, usiopungua siku tano baadaye. Kwa kawaida inaanza kushika baada ya siku 30, na nakala ya kitabu huwekwa katika ofisi ya karani wa mji, mtu ye yote aweze kuisoma.

Mji haukatazwi kuongeza ukali. Lakini hauwezi kuongeza kwa sababu tu umependa. Lazima uandike sababu zake, na sababu zinazokubaliwa ni za aina tatu: hali ya hewa, hali ya ardhi na mawe yake, na sura ya nchi, milima na mabonde. Mji wenye milima mikavu nyuma yake utasema: «Kwetu upepo wa kiangazi unaleta moto kutoka milimani, kwa hiyo tunataka paa lisiloshika moto.» Mji ulio juu ya mchanga wa pwani utasema mengine. Karatasi hizo za sababu zinapelekwa kwa tume ya jimbo pamoja na sheria yenyewe. Sisi twaona hekima katika desturi hii. Inawalazimisha wazee wa mji kutazama mlima wao na mto wao kabla ya kuandika. Ingawa, tukiri, katika mikutano mingi ya namna hii viti vya raia ni vitupu. Karatasi ni ndefu, maneno ni magumu, na mtu anaona afadhali akae nyumbani. Siku ya kuomba kibali chake mwenyewe ndipo anapojua kwamba sheria ilibadilika.

Kuna ugomvi mwingine, nao ni wa haki. Kila chapa mpya inaongeza gharama, na California ina upungufu mkubwa wa nyumba. Watu wenye kazi wanalala ndani ya motokari kwa sababu hawawezi kulipa kodi. Kwa hiyo mwaka wa 2025 jimbo lilipitisha sheria inayozuia, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, mabadiliko mapya katika sheria za kujenga nyumba za kukaa mpaka mwaka wa 2031. Wengine walifurahi, wengine walihuzunika. Nyumba ya nguvu ambayo maskini haingii ndani yake haimsaidii maskini. Lakini yeye ndiye wa kwanza kulala katika nyumba mbovu.

Sasa tufike kwenye fundo gumu kuliko yote. Sheria mpya inashika nyumba mpya. Nyumba za zamani je? Duka lililojengwa mwaka wa 1890 halikuvunja sheria yo yote ya mwaka wa 1890. Linaendelea kusimama, watu wanaingia na kutoka, na kitabu kipya hakiligusi. Mwaka wa 1986 California iliamuru miji iliyo katika sehemu za hatari kubwa ihesabu majengo yake yote ya matofali yasiyokuwa na vyuma, iwaarifu wenyewe, na kila mji ujitafutie mpango wake. Jimbo halikulazimisha kuyaimarisha. Liliacha neno hilo kwa mabaraza ya miji.

Mji wa Paso Robles, kaskazini ya Santa Barbara, ulikuwa na watu 24,297 katika hesabu ya mwaka wa 2000. Katikati yake kulikuwa na jengo la matofali la mwaka wa 1892, lenye mnara wa saa, ambalo wenyeji walilipenda sana. Baraza la mji lilikuwa limekwisha kupitisha sheria: majengo ya namna ile yaimarishwe, na wenyewe wakapewa muda mpaka mwaka wa 2018. Twaweza kuwafahamu wazee wale. Kuimarisha jengo ni feza nyingi, wenye maduka ni watu wanaojulikana, ni majirani, ni wapiga kura; na tetemeko lililokuwa kubwa hapo mwisho wamelisahau. Walitaka kuwa na huruma. Miaka mingi ilionekana kuwa huruma.

Siku ya 22 Desemba 2003, siku tatu mbele ya Noeli, nchi ilitetemeka kwa kipimo cha 6.5. Wanawake wawili waliokuwa wakifanya kazi ndani ya jengo lile la saa walikimbilia nje, na jengo likawaangukia mlangoni. Hao wawili ndio peke yao waliokufa katika tetemeko lile.

Jamaa zao walikwenda mahakamani. Wenye jengo walijitetea hivi: mji ulitupa muda mpaka mwaka wa 2018, sisi hatujavunja sheria. Kwa mtu wa sheria hilo ni neno zito. Kama tarehe haijafika, kosa liko wapi? Lakini mwaka wa 2008 raia waliochaguliwa kuhukumu waliona kwamba wenye jengo walikuwa na uzembe, wakawaamuru kulipa karibu dola milioni mbili. Mwaka wa 2010 mahakama ya rufani ya California ilikubali hukumu ile. Ilisema kwamba tarehe iliyowekwa na baraza la mji haikumwondolea mwenye jengo wajibu wake wa kuwaangalia watu walio ndani ya jengo lake. Ulikuwapo kabla ya sheria ya mji, na uliendelea wakati mji ulipokuwa unangoja.

Habari ya hukumu ile ilifika katika mabaraza mengine. Mwaka wa 2006, miaka ishirini baada ya amri ya jimbo, tume ya tetemeko ya California ilikuwa imehesabu majengo ya namna hii yapatayo 26,000 katika sehemu za hatari kubwa. Saba katika kila kumi yalikuwa yameimarishwa au kubomolewa. Matatu yalikuwa bado hayajaguswa.